Shajara ya mradi: mtu afungue programu, asikie sauti

Siku ya 1

Naanza kuandika hapa ili nisisahau nilikotoka, na mwingine akitaka kufanya kazi kama hii akute pa kuanzia. Kuna programu huria ya kutengeneza muziki ambayo nimekuwa najitolea kwenye msimbo wake, mpaka sasa nimerekebisha hitilafu ndogondogo tu. Jina silitaji manake haya ninayoyaandika nimeyakuta karibu kwenye programu zote za aina hii, sio ya kwetu peke yake. Injini yake ya sauti ni nzuri mno, ndani inapiga hesabu kwa namba za desimali za biti 32 (float), treki, yaani njia ya kila sauti inayorekodiwa, unaongeza mpaka kompyuta yako ichoke, plagini (programu ndogo za kuongeza madoido na ala) za aina ya LV2 na VST3 inapokea, na yote hayo bure kabisa. Alafu mtu anaipakua, anaifungua, anahangaika nayo nusu saa, anaifuta. Hiyo nusu saa ndiyo nataka kuishughulikia.

Siku ya 3

Leo nimefanya jaribio la kwanza na mtu. Dada mmoja, anaimba na anapiga gitaa vizuri sana, hajawahi kurekodi kwa kompyuta. Nimempa laptopu yenye Linux, maiki ya USB, hedifoni, na kazi moja tu: jirekodi ukiimba mistari minne, kisha ujisikilize. Nikakaa pembeni na daftari, nikajiwekea sharti kwamba sifungui mdomo.

Dirisha la kwanza likamuuliza maswali matano, mfumo gani wa sauti, kifaa gani cha kuingizia, kifaa gani cha kutolea, sampuli (vipimo vya sauti) ngapi kwa sekunde, na bafa iwe kubwa kiasi gani. Akanigeukia, "Kaka, hii bafa ndo nini?" Nikanyamaza. Akachagua cha kwanza kwenye kila orodha, ambacho ndicho mtu yeyote angefanya, na cha kwanza kwenye orodha ya kutolea kilikuwa HDMI, yaani sauti yote ikawa inaenda kwenye skrini ambayo haina hata spika na hedifoni masikioni ziko kimya.

Akabofya duara jekundu pale juu. Mstari ukaanza kutembea, akafumba macho akaimba mistari yote minne, na aliimba kweli. Akasimamisha. Hakuna kitu. Kumbe duara la juu linasema tu kwamba programu iko tayari, kila treki nayo ina kitufe chake kidogo ambacho lazima ukibofye kwanza ndipo treki ipokee sauti, na hakuna mahali popote palipoandikwa hivyo. Baada ya kupapasa sana akakiona. Akaimba tena. Safari hii mawimbi yakajichora, nikaona anatabasamu, akabofya kucheza, kimya. Akavua hedifoni akaangalia waya, akazirudisha, akapandisha volyumu mpaka mwisho, akavua tena. Alafu akasema kwa sauti ya chini, "Nadhani mimi ndo sijui kompyuta."

Hiyo sentensi nimekuja nayo mpaka nyumbani. Yeye kila kilichokuwa kazi yake alikifanya, alikaa kwenye ufunguo, alishika mdundo, alirudia mara mbili bila kulalamika, na bado aliondoka akiamini kosa ni lake.

Siku ya 4

Nimekaa na daftari nikaandika upande mmoja kila alichoulizwa au kila alipokwama, upande wa pili nikaandika kama programu yenyewe ilikuwa inajua jibu. Ilikuwa inajua karibu yote. Ilijua kwamba sauti inaenda HDMI. Ilijua hakuna treki hata moja iliyoandaliwa kupokea wakati duara jekundu linabofywa. Ilijua maiki ya USB ni mpya imechomekwa sasa hivi, na mtu akichomeka maiki dakika mbili kabla ya kufungua programu ya kurekodi basi unajua anataka kutumia ipi. Sasa kama inajua kwa nini inauliza, na pale palipoharibika kwa nini inanyamaza? Kazi yote ya mradi huu nimeiweka kwenye mambo hayo mawili: isiulize swali ambalo jibu lake inalo, na isinyamaze wakati inajua tatizo liko wapi.

Siku ya 9

Dirisha la maswali matano limeondoka. Halijafutwa, liko kwenye mipangilio kwa anayelitaka, ila halikusubiri tena mlangoni.

Kwenye Linux hii imekuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, na shukrani ni kwa PipeWire, mfumo wa sauti wa Linux wa siku hizi. Zamani ulikuwa na ALSA chini, PulseAudio kwa matumizi ya kila siku na JACK kwa watu wa muziki, na JACK na PulseAudio zilikuwa zinagombania kadi moja ya sauti, ukiwasha hii ile inakufa, watu waliandika maelezo ya kurasa na kurasa jinsi ya kuzipatanisha. PipeWire inapokea programu za pande zote mbili kwa wakati mmoja, na Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux, iliifanya iwe ya kawaida kwa sauti tangu toleo la 34 mwaka 2021, na wengine wakafuata. Kwa hiyo sasa programu inaangalia kama PipeWire ipo, ikiwepo inaitumia bila kuuliza, inachukua kifaa kilekile ambacho kompyuta inakitumia kupigia muziki mwingine, basi. Kama mtu alikuwa anasikiliza nyimbo kwenye hedifoni dakika tano zilizopita, programu nayo itatokea kwenye hedifoni hizohizo.

Bafa ndiyo imenila siku tatu na nataka niieleze vizuri manake hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kompyuta haishughulikii sauti tone kwa tone, inachota ndoo ndoo, na ukubwa wa ndoo ndio bafa. Ukiwa na sampuli 48,000 kwa sekunde na bafa ya 1,024, ndoo moja inachukua milisekunde 21 na kidogo kujaa. Kuingia ndoo, kutoka ndoo, tayari uko kwenye 43 hata kabla hujahesabu mambo mengine. Sauti hewani inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ni sawa na kuimba huku unajisikia kutoka kwenye spika iliyo mita karibu 15 mbele yako, hakuna mwimbaji atakaa kwenye mdundo hapo. Ukishusha bafa mpaka 256 inakuwa chini ya mita 4, hapo unaimba bila shida. Sasa mbona tusiweke ndogo siku zote? Kwa sababu prosesa lazima imalize hesabu zote za plagini kabla ndoo haijajaa, ndoo ikiwa ndogo na plagini ni nyingi inachelewa, na ikichelewa sauti inakatika, unasikia vile vimlio vya tk tk.

Kwa hiyo jibu sahihi linategemea unafanya nini saa hiyo, na mtu anajua anafanya nini hata kama hajui bafa ni nini. Nimeweka swichi moja juu yenye maneno mawili, "Narekodi" na "Namiksi". Ukiwa Narekodi inashusha bafa, ukiwa Namiksi inapandisha. Na ile namba ya makosa iliyokuwa inajiongeza kimyakimya pembeni kwa kifupisho ambacho hata mimi nilikitafuta maana yake nilipoanza, sasa inasema "Sauti imekatika mara 3, kompyuta imezidiwa" na ukiibofya inakuonyesha plagini ipi inakula prosesa zaidi.

Siku ya 10

Hakuna kipya, nimefukuzana na hitilafu ya bafa kubadilika katikati ya kurekodi. Nimeifunga, ukiwa unarekodi swichi haibadiliki.

Siku ya 16

Nimetuma mabadiliko kwa wasimamizi wa msimbo na mjadala umekuwa mrefu. Mmoja wa wakongwe, mtu ninayemheshimu sana kwa sababu nusu ya injini ile ameiandika yeye, ameandika kwamba mtu makini anataka kuchagua kifaa chake mwenyewe, na programu ikianza kuamua yenyewe siku moja itaamua vibaya katikati ya onyesho la laivu na mtu ataaibika mbele ya watu. Nimeisoma mara kadhaa. Kwenye hilo la pili amesema kweli kabisa, na nimebadilisha: programu inachagua yenyewe mara ya kwanza tu, mtu akishachagua chake kwa mkono haiguswi tena, hata kifaa kikichomoka inasubiri na kusema kimechomoka, haikimbilii kingine.

Kwenye hilo la kwanza sijakubali na nimemjibu hivyo kwa adabu. Yule anayejua kuchagua hapotezi chochote mlango ukiwa wazi, mipangilio yake yote ipo palepale. Asiyejua ndiye aliyekuwa anapoteza kila kitu. Na kusema kwamba mtu makini ni yule anayejua bafa, hapana, yule dada ni mwanamuziki makini kuliko mimi. Mzee akajibu, "Sawa kijana, tujaribu, ila andika majaribio ya kutosha." Nimeandika majaribio kila hali niliyoweza kuifikiria.

Siku ya 24

Hii ndiyo sehemu ya mradi ninayoipenda kuliko zote. Kitufe kinaitwa "Kwa nini sisikii?"

Wazo ni jepesi. Sauti ndani ya programu inapita njia inayojulikana, inatoka kwenye kipande kilichorekodiwa, inaingia kwenye treki, inapita plagini moja baada ya nyingine, fada (kitelezi cha volyumu), labda kundi, masta (njia inayokusanya sauti zote), mwisho kifaa cha kutolea. Kila kituo tayari kina mita ya kupima kiwango, ndizo zile taa za kijani unazoziona zinarukaruka. Mtu akibofya kitufe programu inaanza mwanzoni mwa njia na kuuliza kila kituo, hapa sauti ipo? ipo, hapa? ipo, hapa? hakuna, basi kaburi liko hapa. Alafu inasema kwa maneno. "Treki hii imenyamazishwa." Au "Treki ya gitaa iko peke yake, ndiyo maana nyingine zote ziko kimya", hii nimeipenda sana manake kitufe cha kusikiliza treki moja peke yake ndicho kinachowapoteza hata wazoefu, unakibofya, unasahau, treki iko huko chini haionekani, unatafuta tatizo kwenye waya. Au "Sauti inafika mpaka mwisho, inatoka HDMI. Jaribu hedifoni?"

Ujenzi wenyewe ulitaka uangalifu. Uzi unaoshughulikia sauti, yaani ule mfululizo wa kazi ndani ya programu ambao kazi yake ni sauti tu, hauruhusiwi kusubiri chochote, haufungui faili, hauombi kumbukumbu mpya, haushiki kufuli, manake ukisubiri hata kidogo ndoo inachelewa na sauti inakatika. Kwa hiyo kazi yote ya kuuliza inafanywa na upande wa dirisha, uzi wa sauti unaandika tu namba ya mwisho ya kila mita mahali ambapo upande wa pili unaweza kuisoma bila kufunga mlango, namba zenyewe zilikuwepo tayari kwa ajili ya zile taa. Sijaongeza mzigo wowote kwenye injini. Nimepima, nimepima tena.

Na kitufe hakirekebishi chenyewe. Kinasema na kinakupeleka mpaka kwenye kituo chenye tatizo, kinakizungushia rangi, mkono wa kubofya ni wako. Hili limetokana na ule mjadala wa siku ya 16 na naona mzee alinisaidia bila kukusudia, kwa sababu mtu akionyeshwa mara mbili mara ya tatu anaenda mwenyewe.

Siku ya 33

Tafsiri. Nilidhani itakuwa jioni moja, imekuwa wiki.

Faili la Kiswahili lilikuwepo tayari, lakini inaonekana limepitishwa kwenye mashine likaachwa hivyo. Kitufe cha kuandaa treki ipokee sauti, kwa Kiingereza "arm", kimeitwa "Mkono". Njia inayokusanya treki kadhaa pamoja, "bus", imeitwa "Basi". Kwenye sintesaiza, ala inayounda sauti kwa umeme, namna noti inavyoanza ("attack") imeitwa "Shambulio" na inavyoisha ("release") imeitwa "Toleo". Pale pa kuongeza nguvu ya sauti inayoingia, "gain", pameandikwa "Faida". Mtu akifungua hii anarudi kwenye Kiingereza siku hiyohiyo, na simlaumu.

Nikaanza kusafisha, nikawa naweka maneno niliyoyaona ni mazuri, alafu nikampelekea kaka mmoja prodyuza anayefanya kazi hii kila siku. Akanirekebisha hapohapo. "Mdogo wangu, ukiandika Nguvu mimi nitajua ni volyumu. Andika geini, kila aliyewahi kushika mixa anaijua." Yuko sahihi. Kwa hiyo geini imebaki geini, fada ni fada, treki ni treki, ila "Mkono" umekuwa "Tayari kurekodi", "Basi" limekuwa "Kundi", na za sintesaiza zimekuwa "Kuingia" na "Kufifia". Kanuni yangu sasa ni kwamba neno ambalo watu wa studio tayari wanalitamka naliacha, neno ambalo hakuna anayelitamka nalieleza kwa kazi yake.

Alafu kikaja kitu ambacho hakihusu maneno kabisa. Msimbo ulikuwa unaunga sentensi vipandevipande, una kiunzi kimoja cha "kitu fulani kufutwa" na jina la kitu linachomekwa baadaye. Kwa Kiingereza inakubali. Kwa Kiswahili wimbo umefutwa, kipande kimefutwa, treki imefutwa, madoido yamefutwa, faili limefutwa, kiunzi kimoja hakiwezi kubeba zote hizo, na mfumo wa tafsiri unajua umoja na wingi tu, ngeli haujawahi kuzisikia. Ndiyo maana ujumbe ulikuwa unatoka "Wimbo imefutwa", mtu anauelewa lakini anajua hapohapo kwamba aliyeandika hakuwa anamfikiria yeye. Dawa yake ni kuandika sentensi nzima kwa kila kitu. Nimepitia msimbo wote nikazivunja zile za kuunga na kuziandika kamili, kazi ya mikono, faili baada ya faili. Mjitoleaji anayetafsiri kwa lugha nyingine yenye jinsia za nomino ameandika kunishukuru, kumbe nao walikuwa wanaumia palepale miaka yote.

Siku ya 37

Faili la mwisho. Dirisha la kutoa wimbo lilikuwa na machaguo kumi na kitu, sasa pale juu kuna mawili makubwa, "Kutuma kwa mtu" na "Kumpa anayemasta" (fundi anayekamilisha wimbo), mengine yako chini ukitaka kuyafungua. La kwanza linatoa MP3, la pili WAV ya biti 24. Kuna watu bado wanaamini programu huria haziruhusiwi kutoa MP3, hilo lilikuwa tatizo la hataza na zilikwisha mwaka 2017. Hata WAV ya kawaida ya stereo, ya biti 16 kama ya CD, inakula kama MB 10 na nusu kwa kila dakika, mtu anayetaka kumtumia mwenzake wimbo wa dakika nne kwa simu hawezi kuanza na MB 42.

Siku ya 40

Vile vitufe vya kuzungusha vimechorwa kwa mkono ndani ya msimbo, vinapendeza, lakini programu za kusoma skrini kama Orca na NVDA hazivioni, kwao ni ukuta mtupu. Kuna wanamuziki wengi wasioona na sikio lao ndilo kila kitu, haiwezekani wao ndio wafungiwe nje. Nimevipa majina na thamani kwenye treki na masta, na vyote sasa vinasogea kwa mishale ya kibodi. Plagini bado, kila plagini inachora dirisha lake yenyewe, hiyo ni kazi ya peke yake na sitaki kuifanya kwa haraka.

Siku ya 46

Yule dada amerudi. Nilimwomba kwa kusitasita kidogo manake mara ya kwanza aliondoka amenyong'onyea. Laptopu ileile, maiki ileile, kazi ileile, na mimi kimya pembeni.

Akafungua, hakuulizwa kitu. Treki moja ilikuwa tayari iko pale imeandaliwa. Akabofya duara jekundu akaimba, akasimamisha, akabofya kucheza, akajisikia. Aliweka mkono kwenye hedifoni akaikandamiza sikioni kama mtu anayesikiliza habari ya mbali. Hakusema kitu, akarudisha mwanzo akasikiliza tena. Alafu akaongeza treki ya pili bila kuambiwa, akajiimbia sauti ya pili juu ya ile ya kwanza, hiyo haikuwa kwenye kazi niliyompa.

Kwenye treki ya tatu akakwama. Alibofya ile ya kusikiliza peke yake akiwa anatafuta kitu kingine, zote zikanyamaza isipokuwa moja. Nikaona anashika waya wa hedifoni, nikakaribia kusema. Akaacha waya, akatazama skrini, akabofya "Kwa nini sisikii?", akasoma, akasema "Aah, hii hapa," akaitoa.

Alikaa karibu saa mbili. Kalamu yangu imeandika mambo saba mapya, kubwa kabisa ni kwamba alipokata kipande vibaya hakujua kama anaweza kutendua, aliogopa akaacha kosa likae. Kutendua kupo, ila kuko ndani ya menyu ambayo hajaifungua hata mara moja. Kesho kitufe chake nakileta juu karibu na duara jekundu, na baada ya kila mkato nitaweka mstari mdogo unaosema "Kipande kimekatwa. Tendua?", sentensi nzima, na ngeli yake.